Gari kumisi si lazima iwe plagi

Gari likianza kumisi, yaani injini kutetemeka kwa sababu silinda moja haichomi mafuta sawasawa, hukumu ya mtaani ni moja: badilisha plagi. Wengi wamenunua seti nzima na injini ikaendelea kutetemeka vilevile. Nyaya za plagi, koili (inayozalisha umeme wa cheche), nozeli (inayonyunyiza mafuta), hata mpira wa hewa uliopasuka huleta tabu hiyohiyo.

Tafuta kwanza silinda iliyolala, yaani isiyofanya kazi. Injini ikiwa imezimwa, chomoa soketi ya nozeli moja, kisha washa usikilize. Mtetemo ukizidi, silinda hiyo ilikuwa inafanya kazi, usipobadilika, umeipata. Hamishia plagi yake silinda ya jirani. Ubovu ukihama nayo, haya, kanunue plagi. Usipohama, jaribu waya vivyo hivyo.

Usiku, fungua boneti gizani injini ikiunguruma: waya uliochoka huvujisha cheche za buluu. Tazama tu, usiguse; hizo ni volti maelfu.