Edinburgh kwa gari-nyumba: yanayosemwa na yaliyopo

"Si tukifika tunaegesha tu pale chini ya ngome, tunachemsha chai, tunalala, asubuhi tunaingia mjini kwa miguu?" Shemeji yangu aliniuliza hivyo kwa simu wiki tatu kabla ya safari yetu ya Juni, na gari alikuwa ameshalilipia. Nilimjibu taratibu, kwa sababu hayo aliyoyasema ndiyo yanayosemwa na karibu kila ndugu anayetaka kwenda Uskoti na gari lenye kitanda, jiko na choo ndani. Edinburgh ni mji unaompendeza sana mwenye gari-nyumba, mradi gari lenyewe lisiingie katikati ya mji. Dhana nyingi potofu zinaanza pale mtu anapokataa kukubali hilo.

"Uskoti sheria inakuruhusu kulala popote"

Sheria ipo kweli. Inatajwa kama Sheria ya Marekebisho ya Ardhi ya Uskoti, ya mwaka 2003, na inampa mtu haki ya kupita kwa miguu, kwa baiskeli au kwa farasi katika sehemu kubwa ya ardhi na maji ya nchi ile, na kupiga hema kwa usiku mmoja mmoja, mradi awe na adabu na asiharibu kitu. Watu wakisikia hivyo wanafunga mizigo. Wasichokisoma ni kwamba sheria hiyo hiyo inavitoa nje vyombo vya moto. Mwenye hema mgongoni ana haki hiyo. Mwenye gari hana.

Kuna wengine wanaotaja ile hoja ya yadi 15, yaani kama mita 14: kwamba unaweza kutoka barabarani kwa umbali huo ukaegesha. Hiyo inatoka kwenye sheria ya usalama barabarani ya mwaka 1988, na inachosema ni kwamba kutoka umbali huo ili kuegesha si kosa la jinai chini ya kifungu kile. Haikupi ruhusa ya kukaa kwenye ardhi ya mtu, wala ya kulala hapo.

Na mjini ndiyo kabisa. Katikati ya Edinburgh nafasi nyingi za kuegesha ni za wakazi wenye vibali au za kulipia kwa saa. Kupanda na tairi juu ya njia ya waenda kwa miguu, jambo ambalo gari pana linakushawishi ulifanye, kulianza kutozwa faini mwezi Januari 2024, nayo ni pauni 100. Mimi naona ni haki. Mji ule una vijia vyembamba, na mama mwenye kigari cha mtoto hana pa kupita ukishamzibia.

Basi unalala wapi? Kambini. Sisi tulikaa kambi ya klabu ya wenye magari-nyumba iliyo Marine Drive, Silverknowes, kaskazini-magharibi ya mji, kando tu ya bahari. Upande wa kusini kuna Mortonhall, kwenye shamba la zamani lenye miti mikubwa, karibu na vilima vya Pentland. Huko unachomeka umeme, unajaza maji safi, unamwaga maji ya sinki na kuosha tangi la choo mahali palipotengwa. Kazi ya tangi la choo haipendwi na mtu, lakini ndiyo inayomtenganisha mgeni mwenye heshima na yule anayewafanya wenyeji wachukie magari haya.

"Eneo la moshi ni kama London, unalipa ada ya siku unapita"

Hili ndilo linalowagharimu watu fedha nyingi kuliko yote, hasa ndugu wanaotoka Uingereza kusini. London gari lisilokidhi viwango vya moshi unalilipia pauni 12.50 kwa siku, na mambo yameisha. Uskoti hakuna cha kulipia. Vibao vya Low Emission Zone, yaani eneo lisiloruhusu magari ya moshi mwingi, vikisema gari lako halifai, halifai. Ukiingia, kamera inasoma namba na faini inakufuata nyumbani. Glasgow ilianza kutoza magari yote tarehe 1 Juni 2023, Edinburgh tarehe 1 Juni 2024, na Aberdeen na Dundee zilianza karibu siku hizo hizo za 2024. Faini ni pauni 60, inashuka hadi 30 ukilipa ndani ya siku 14. Ukirudia katika eneo lile lile inakuwa maradufu, halafu maradufu tena, mpaka pauni 480 kwa magari madogo.

Kiwango, kwa ngazi za Ulaya za kupima moshi wa injini, ni Euro 6 kwa dizeli na Euro 4 kwa petroli. Hapa sasa kuna mtego wa magari-nyumba peke yake. Watu huambiwa dizeli iliyosajiliwa baada ya Septemba 2015 ni salama, na kwa magari ya kawaida kwa jumla ni kweli. Lakini gari-nyumba hujengwa juu ya chasisi ya gari la mizigo, na magari ya mizigo mengi yalichelewa mwaka mzima kuingia kwenye Euro 6. Tena chasisi inaweza kukaa kiwandani miezi kadhaa kabla ya kujengewa nyumba na kusajiliwa. Kwa hiyo gari la 2016 linaweza kuwa na injini ya Euro 5. Mwaka wa kusajiliwa usikudanganye: angalia kadi ya gari, au ingiza namba yake kwenye tovuti rasmi ya maeneo hayo kabla ya kuondoka. Ukikodi, muulize mwenye gari swali hilo kwanza, kabla hujauliza habari za vitanda.

Glasgow ina nafuu moja: barabara kuu ya M8 inayokata mji haimo ndani ya eneo hilo, kwa hiyo anayepita tu kuelekea milimani hana la kuogopa.

"Maegesho hayakosekani mji mkubwa kama ule"

Hayakosekani kwa gari dogo. Gari-nyumba huwa na kimo cha mita 2.7 hadi 3.2, na maegesho ya ghorofa mengi milango yake haizidi mita mbili na kidogo. Gari tulilokodi lilikuwa na utepe mweupe uliobandikwa juu ya usukani, umeandikwa kwa kalamu ya wino mzito: mita 3.05, futi 10. Nilishukuru sana aliyeuandika, kwa sababu kwenye madaraja ya zamani vibao vya kimo vinasema kwa futi na inchi, na dereva anayekaribia daraja hana muda wa kupiga hesabu. Mtoto wa shemeji, miaka tisa, alipewa kazi ya kusoma kila kibao kwa sauti na kulinganisha na ule utepe. Aliifanya kwa bidii hadi siku ya mwisho, na sisi wakubwa tulinyamaza akisoma.

Ukilala kambini unaliacha gari palepale na kupanda basi. Mabasi ya Lothian yanafika hadi pembezoni. Unagusisha kadi ya benki kwenye mashine, au unalipa sarafu kamili, kwa kuwa dereva harudishi chenji. Kama unapita tu kwa siku moja, kuna viwanja vya pembeni mwa mji ambako unaacha gari na kuendelea kwa usafiri wa umma. Ingliston, karibu na uwanja wa ndege, ina kituo cha tramu inayokwenda Princes Street na tangu 2023 inaendelea hadi Leith na Newhaven. Soma ubao wa masharti pale mlangoni kabla hujazima injini.

Madogo madogo

Eti barabara za Uskoti zimejaa vizuizi vya kulipia: hapana, hata daraja la barabara la Forth liliacha kutoza mwaka 2008, na daraja jirani la Queensferry Crossing, la 2017, unapita bure. Eti kuendesha huko ni kugumu kwa aliyezoea kwetu: Mkenya, Mtanzania na Mganda wanakuta upande ule ule wa kushoto waliouzoea; wa Kongo, Rwanda na Burundi ndio watakaohitaji siku moja ya kutulia. Kasi huandikwa kwa maili, na mitaa mingi ya Edinburgh ni maili 20 kwa saa, kama kilomita 32. Mgeni anaruhusiwa kutumia leseni ya kwao kwa miezi 12 kwa gari lisilozidi tani tatu na nusu, ila kampuni za kukodisha zina masharti yake ya umri na uzoefu.

"Ni malazi ya bei nafuu"

Si lazima. Kutoka London ni kama kilomita 650, na gari la aina hii hunywa lita 10 hadi 12 kwa kilomita mia. Piga hesabu ya kwenda na kurudi, ongeza kodi ya gari na ada ya kambi kila usiku, halafu linganisha na treni na chumba. Kwa familia ya watu watano inayojipikia, hesabu mara nyingi inakubali. Kwa wawili, aghalabu haikubali. Tena mwezi wa Agosti ni wa matamasha yaliyoanza mwaka 1947, na kambi hujaa mapema mno. Kuanzia tarehe 24 Julai 2026, Edinburgh inatoza pia kodi ya mgeni ya asilimia 5 ya bei ya malazi, kwa usiku tano za kwanza, na kambi zimo katika sheria hiyo.

"Kule ni mvua tu, na baridi utaimaliza kwa jiko"

Edinburgh hupata milimita 700 na kitu za mvua kwa mwaka. Dar es Salaam hupita 1,000. Mvua ya Edinburgh inagawanywa kidogo kidogo katika siku nyingi, ndiyo maana inaonekana haiishi, lakini kiasi chenyewe ni kidogo kuliko chetu. Upande wa magharibi, Glasgow, ndiko kunakonyesha hasa. Kinachomsumbua mwenye gari la kimo ni upepo, maana daraja linaweza kufungwa kwa magari marefu, na ule ukungu wa bahari ambao wenyeji huuita haar, unaoingia ghafla mchana mweupe.

Baridi nayo ina hatari ambayo sitaipita haraka. Gesi ya biuteni inakaribia kukoma kutoka kwenye mtungi joto likishuka hadi sifuri. Propeni inaendelea kutoka. Atakayesafiri majira ya baridi achukue propeni. Lakini usiwashe jiko la kupikia ili kupasha joto gari, na usiingize jiko la mkaa ndani, hata kwa dakika chache, hata na dirisha likiwa wazi kidogo. Kwetu tumezika watu kwa jiko la mkaa lililolala chumbani. Kaboni monoksaidi haina harufu, na gari-nyumba ni dogo kuliko chumba chochote. Kifaa cha kuigundua hewa hiyo ni kidogo kama kiganja. Kibonyeze ukisikie kikilia kabla ya kulala usiku wa kwanza.

"Mji ule hauna letu"

Hili linaniuma kuliko yote. Mwalimu Julius Nyerere alisoma Chuo Kikuu cha Edinburgh kuanzia 1949 hadi 1952. Watu husema alirudi na shahada ya uzamili, kwa sababu ya zile herufi M.A.; katika vyuo vikongwe vya Uskoti M.A. ya sanaa ni shahada ya kwanza, na hilo halimpunguzii chochote. Tulipita George Square, kwenye majengo ya chuo, mchana wa upepo, nikawaambia watoto kwamba kijana kutoka Butiama alikuwa mwanafunzi wa chuo hiki miaka tisa kabla ya Uhuru. Kutoka hapo ni mwendo mfupi hadi Makumbusho ya Taifa, Chambers Street, ambako kuingia ni bure na kondoo Dolly, yule wa kunakiliwa maabara, amesimama kwenye kioo chake. Na saa saba kamili mchana, kila siku isipokuwa Jumapili na sikukuu chache, mzinga unalia kutoka ngomeni, kama ulivyoanza kulia mwaka 1861.

"Sisi watu wa pwani, maji kujaa na kupwa tunayajua"

Hayo niliyasema mimi, mtu wa Tanga. Kutoka kambi ya Silverknowes unatembea ufukweni hadi Cramond, na hapo kuna kisiwa kinachofikika kwa miguu maji yakipwa, kwa njia iliyopangiwa nguzo za zege za Vita vya Pili vya Dunia. Ukiitazama imekauka unaona mchezo. Lakini bahari ile, wakati wa bamvua, maji yanapojaa kupita kawaida, hupanda karibu mita tano, na maji yake ni ya baridi inayoutia mwili ganzi. Watu hukwama kisiwani, na boti ya uokoaji huja kuwachukua. Salama ni saa mbili kabla ya maji kupwa kabisa na saa mbili baada yake, basi. Ratiba imebandikwa pale njia inapoanzia, nayo hubadilika kila siku.

Tuliisoma ratiba mara mbili, shemeji akaipiga picha. Tulivuka, tukakaa kisiwani nusu saa, tukarudi mapema kuliko watoto walivyotaka. Kisha tukakaa kwenye ukuta wa Cramond na chupa ya chai. Jua Juni linazama saa nne usiku, kwa hiyo tuliona yote: maji yakiingia bila wimbi wala kelele, yakiziba njia tuliyoipita, mpaka zile nguzo zikabaki vichwa tu juu ya maji, zimepangana kuelekea kisiwani.