Njaa ya Jamestown haikuletwa na uvivu

Kila mwaka ninapofika kwenye somo la Jamestown, koloni la kwanza la Waingereza lililodumu Amerika ya Kaskazini, mkono hunyooshwa kabla sijamaliza hata kutaja tarehe na sentensi ile ile hutoka: "Mwalimu, si ndio wale waungwana wavivu waliokufa njaa kwa kutafuta dhahabu badala ya kulima?" Nimeisikia darasani, nimeisoma kwenye karatasi za mitihani, na hivi karibuni nimeisikia kwa mwalimu mwenzangu ambaye naye huifundisha. Nimechoka kuijibu kwa dakika mbili mlangoni kengele ikilia, hivyo naijibu hapa kwa kirefu.

Chanzo cha dhana hii kinajulikana. Kapteni John Smith, aliyeliongoza koloni hilo kuanzia Septemba 1608, aliweka amri kwamba asiyefanya kazi asile, na katika maandishi yake aliwalaumu wenzake bila kuchoka. Wasomaji humwamini kwa sababu anaandika vizuri. Wanachosahau ni kwamba Smith alijeruhiwa kwa baruti na akaondoka kurudi Uingereza Oktoba 1609, kabla ya majira ya baridi yaliyoua watu wengi kuliko mengine yote, kwa hiyo shahidi wao mkuu hakuwapo. Ni kweli pia kwamba kati ya wanaume na wavulana 104 walioshuka Mei 1607, wengi waliandikishwa kama waungwana. Lakini walikuwamo maseremala, waashi, mhunzi na daktari mpasuaji, na katikati ya Juni, mwezi mmoja tu baada ya kushuka, ngome ya pembetatu ya magogo ilikuwa imesimama. Watu wavivu hawasimamishi ngome kwa mwezi mmoja katika joto la Virginia.

Ushauri wangu kwa yeyote anayechunguza njaa ya mahali popote ni kuanza na maji kabla ya kuuliza habari za chakula. Jamestown ilijengwa kando ya sehemu ya mto James inayofikiwa na maji ya bahari yanapojaa. George Percy, aliyekuwapo tangu mwanzo, aliandika kwamba maji ya mto huo yalikuwa na chumvi kali wakati wa kujaa, na wakati wa kupwa yalikuwa yamejaa tope na uchafu. Watu walikunywa maji hayo hayo miezi yote ya kiangazi cha kwanza, wakaugua kuhara damu na homa, na ilipofika Januari 1608 waliobaki hai walikuwa 38 tu. Mtu anayeharisha damu na kuwaka homa hawezi kushika jembe, na anayemtazama kutoka mbali amelala chini ya mti mchana kutwa atasema ni mvivu.

Kisha kulikuwa na mvua, au tuseme kukosekana kwake. Mwaka 1998 wanasayansi walichapisha vipimo vya miviringo ya ukuaji katika mashina ya miti ya kale ya saipresi inayoota kwenye vinamasi vya eneo hilo, na miviringo ile ilionyesha kwamba miaka saba kuanzia 1606 hadi 1612 ilikuwa ya ukame mkali kuliko kipindi kingine chochote cha miaka saba katika miaka 770. Waingereza walitia nanga mwaka wa pili wa ukame huo. Mto unapopungukiwa na maji matamu kutoka juu, chumvi hupanda zaidi kutoka baharini, na mahindi hukauka shambani, yawe ya Mwingereza au ya Mpowhatan, mwenyeji wa nchi ile. Huu ndio ushahidi ambao ningependa kila mwalimu auweke mbele ya amri ya Smith, maana mti hauna mtu wa kumlaumu.

Juu ya hayo likaja kosa la mpango. Juni 1609 kampuni iliyomiliki koloni ilituma merikebu tisa na watu wapatao 500. Dhoruba ikaitupa Sea Venture, iliyobeba viongozi, kwenye miamba ya Bermuda. Nyingi kati ya zilizobaki zikafika Agosti, zikiwa na watu wagonjwa na akiba iliyolowa maji ya bahari, wakati msimu wa kupanda ulikuwa umeshapita na panya walikwisha kula mahindi yaliyowekwa kwenye mapipa. Midomo iliongezeka, chakula hakikuongezeka. Wahunsenacawh, mtawala mkuu wa Wapowhatan, akakata biashara ya mahindi, na kuanzia Novemba wapiganaji wake wakaizingira ngome. Nguruwe waliofugwa kisiwani wakauawa, na aliyetoka kutafuta mizizi porini alikuwa hatarini kuuawa. Francis West, aliyetumwa na merikebu kutafuta mahindi, aliyapata, kisha akatweka tanga kuelekea Uingereza nayo. Hapo ndipo wanafunzi huniuliza kwa nini watu wale hawakuvua samaki. Huwajibu kwamba sturgeoni, samaki wakubwa wa huko, hupanda mto ule majira ya kuchipua na kiangazi, si Januari, na kwamba kuvua kunataka mashua na mtu anayeweza kutoka nje akarudi.

Kwa walioshikilia kwamba tabia ya watu ndiyo iliyoamua, kuna Point Comfort, mdomoni mwa mto, ambako kikosi kidogo cha Waingereza hao hao kilipitisha majira hayo hayo ya baridi kikila chaza na kaa. Percy alipowafikia mwezi Mei aliwakuta na kaa wengi kiasi cha kuwalisha nguruwe wao, akakasirika kwa haki. Kati ya watu wapatao 300 waliokuwa Jamestown, walionusurika walikuwa 60 hivi.

Dhana nyingine nitazipitia haraka. Wanaosema habari kwamba wenye njaa ngomeni walikula maiti za wenzao ni uzushi wa maadui wa kampuni wanapaswa kujua kwamba mwaka 2012 wanaakiolojia walifukua, kwenye shimo la taka pamoja na mifupa ya farasi na mbwa, fuvu la msichana wa miaka 14 hivi. Kwenye paji la uso kuna mikato minne ya juujuu, ya mkono uliokuwa ukisita. Wanaosema Wapowhatan walikuwa wakatili kwa asili wajiulize wangefanya nini, katika mwaka wa nne wa ukame, mgeni mwenye bunduki anapodai ghala lao. Pocahontas, binti wa Wahunsenacawh, aliyewahi kufika ngomeni pamoja na watu wa baba yake walioleta chakula, hakuwa tena akifika huko majira yale. Na Waingereza waliofika kwa merikebu ya Mayflower si wa kwanza kudumu huko; walikuja 1620, miaka 13 baadaye.

Imebaki ile inayosema koloni liliokolewa na ustahimilivu. Manusura wa Bermuda walipowasili Mei 1610 kwa merikebu mbili walizojijengea, kiongozi wao Sir Thomas Gates aliona hali akaamua wote waondoke, na tarehe 7 Juni wakaondoka kweli. Walirudi kwa sababu siku iliyofuata walikutana mtoni na mashua iliyotangulizwa na gavana mpya, Lord De La Warr, aliyekuwa akija na watu wapya na vyakula. Sheria kali ambazo Gates alikwisha kuanza kuzitangaza, zilizokuja kuchapwa baadaye, zilikataza kufua nguo na kuosha vyungu karibu na kisima, na zikaamuru kila mtu aende haja mbali na kuta za ngome.