Pikipiki ya safari inavuja oili: yanayosemwa gereji na ukweli wake

Pikipiki kubwa za safari, kama Honda Africa Twin, Yamaha Ténéré 700 au BMW R 1250 GS, zina injini zilizoundwa kwa vipimo vya karibu sana. Zikitunzwa, hukaa kavu miaka mingi. Ndiyo maana tone la kwanza chini ya mashine humtia mwenyewe hofu, hasa akiwa njiani kati ya Mbarara na Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda, na hofu huleta ushauri wa haraka. Uharibifu mkubwa kwenye injini hizi mara nyingi hausababishwi na uvujaji wenyewe. Unasababishwa na dawa iliyotiwa kabla chanzo hakijajulikana.

Dhana: Tone linapoangukia ndipo panapovuja

Oili hufuata mteremko, na pikipiki ikiwa mwendoni hufuata pia upepo. Inayotoka kwenye tapeti kava juu ya silinda husukumwa nyuma, ikateleza juu ya kava ya klachi, ikafika sehemu ya chini kabisa ya injini na kuning'inia hapo. Mtu akiinama anaona nati ya sampu (bakuli la oili chini ya injini) imelowa, basi nati ndiyo inayolaumiwa. Kanuni ni kutafuta sehemu iliyolowa iliyo juu kabisa na mbele kabisa, kisha kupuuza kila kilicho chini yake mpaka hiyo ya juu ieleweke.

Vumbi jekundu la murami, linalochosha watu kwa mengine yote, hapa linasaidia, kwa sababu hung'ang'ania penye oili. Ukimulika tochi kwenye ubavu wa injini utaona mfereji: juu ni mwembamba na oili yake bado inang'aa, chini umepanuka na kuwa tope jeusi. Ile ncha nyembamba ndiyo inayokuelekeza kwenye chanzo.

Kabla ya hapo, hakikisha kwamba ni oili ya injini kweli. Gusisha karatasi ya tishu nyeupe. Oili ya injini ni ya rangi ya asali au nyeusi na huteleza vidoleni. Maji ya rejeta ni mepesi, yana rangi ya kijani, buluu au waridi, na harufu yake ina utamu. Mafuta ya breki hubabua rangi ya tangi. Mafuta ya shokapu za mbele huacha pete ya uchafu kwenye nguzo ya shokapu na kushuka hadi kwenye kalipa ya breki. Kwenye pikipiki za shafti kama BMW, oili ya gia ya nyuma ina harufu kali ya salfa. Kwenye za cheni, grisi ya cheni iliyorushwa hujaa ndani ya kava ya sproketi ya mbele, ikapata joto na kudondoka nyeusi, na wengi huidhania oili ya injini.

Baada ya kujua ni nini, safisha. Injini iwe imepoa. Fungua bamba linalokinga injini chini, kwa sababu oili iliyomwagika siku ya sevisi hutuama humo na kudondoka kwa siku kadhaa bila injini kuvuja popote. Sugua kwa mafuta ya taa na brashi ya meno, futa, acha ikauke. Mashine ya maji ya presha usiielekeze kwenye sili (pete za raba zinazozuia oili isitoke) wala kwenye soketi za umeme. Injini ikikauka, nyunyiza poda nyembamba kwenye maungio yote. Washa dakika tano ikiwa imesimama, uangalie. Kama bado kavu, endesha kilomita 10 hadi 15 uangalie tena, maana kuna mivujo inayojitokeza tu oili ikiwa moto na mizunguko ya injini ikiwa juu. Poda itageuka rangi pale oili inapotokea.

Kazi hii inachukua asubuhi nzima, na hakuna hatua ya kuruka.

Dhana: Ikivuja, kaza zaidi

Hii ndiyo inayovunja mashine. Kava za injini hizi ni aluminiamu, na boliti zake nyingi ni za ukubwa wa M6, zinazotakiwa kukazwa takriban nyutoni-mita 10 hadi 12 tu. Hiyo ni nguvu ya kiganja kwenye spana fupi. Ukiongeza robo mzunguko, hutaona lolote. Ukiongeza robo nyingine, boliti inakuwa laini ghafla mkononi, na ukiitoa inakuja na waya mwembamba wa fedha umejizungusha kwenye meno yake: hizo ni thredi za injini, si za boliti. Kutoka hapo huna budi kutoboa na kuweka thredi mpya za chuma.

Tapeti kava ina lake. Gasketi yake ni ya mpira, na kwa kawaida boliti zake zina bega linalogota kwenye chuma ili mpira ubanwe kiasi fulani na usizidi. Ikivuja baada ya kugota, basi mpira umekuwa mgumu, umekaa vibaya kwenye mfereji wake, au vile vipande vyenye umbo la nusu mwezi kwenye kingo havikufungwa vizuri. Kukaza hakurekebishi hata kimoja cha hivyo. Kava nyembamba iliyokazwa upande mmoja hujikunja, na hapo hata gasketi mpya haishiki. Legeza zote, kisha kaza kwa kuvuka kutoka kona hadi kona, kwa awamu mbili au tatu.

Dhana: Washa ya nati ya sampu hudumu, na filta ikazwe kwa nguvu zote

Pikipiki ikianza kuvuja siku chache baada ya sevisi, anza na vitu vilivyoguswa siku hiyo. Washa, yaani pete ya chuma, ya nati ya sampu imeundwa ibonyee mara moja na kujaza mikwaruzo midogo. Ikitumika mara ya pili tayari imekuwa bapa na ngumu, fundi anaikaza zaidi ili inyamaze, na sampu inapasuka. Weka mpya kila unapomwaga oili. Ukikwama mbali na duka na washa ni ya shaba, ipashe moto mpaka iwe nyekundu hafifu, iache ipoe, isugue: shaba hulainika upya. Ya aluminiamu usiijaribu hivyo, itayeyuka.

Kwenye Ténéré 700, nati ya sampu hukazwa nyutoni-mita 43 na filta 17. Kwenye R 1250 GS ni 42 na 11. Tazama tofauti: filta inahitaji nguvu ndogo sana. Kinachoifanya ivuje mara nyingi ni raba ya filta ya zamani iliyobaki imeganda kwenye injini, mpya ikafungwa juu yake. Raba mbili zikikaa pamoja, hushika injini ikiwa baridi na kuachia presha ikipanda, na oili inaweza kumwagika karibu yote kwa dakika chache. Pitisha kidole pale filta inapokaa kabla ya kufunga, na upake raba mpya oili safi. Spana ya toki, ile inayolia ikifika kipimo, ni ghali, lakini haifikii bei ya sampu.

Dhana: Silikoni huziba kila kitu

Silikoni ina mahali pake, na kitabu cha mashine hupataja: kwa mfano kona za nusu mwezi za tapeti kava, na raba inayopitisha nyaya za stata (koili inayozalisha umeme) kwenye kava ya kushoto. Hapo inapakwa kiasi cha ute mwembamba, juu ya chuma kikavu kilichofutwa vizuri, na inaachwa ikauke kadiri ya maelekezo ya chupa, mara nyingi saa 24 kabla ya kuguswa na oili.

Ikipakwa kwa nje juu ya sehemu inayovuja, haishiki, kwa sababu oili inaisukuma kutoka chini. Ikipakwa nyingi kwenye maungio, inayobanwa nje unaiona na kuikata. Inayobanwa ndani huioni. Hiyo hukatika vipande, vikasafiri hadi kwenye chujio la pampu ya oili ndani ya sampu, vikaziba njia. Injini inakosa oili juu kwenye kamshafti huku kipimo kikionyesha imejaa. Silikoni za ujenzi zenye harufu ya siki zisiingie gereji kabisa, kwani asidi yake hula chuma.

Dhana: Kuzidisha oili kidogo ni tahadhari nzuri

Ténéré 700 huchukua lita 2.6 ikibadilishwa pamoja na filta. Ukimimina lita tatu kwa kuwa chupa zilikuwa tatu, ziada inapigwa na kranki, povu linaongezeka, na mvuke wa oili unasukumwa kupitia bomba la kupumulia hadi kwenye boksi la filta ya hewa. Kutoka humo unadondoka kwenye mpira mdogo wa chini, na mwenye pikipiki anatafuta gasketi iliyopasuka ambayo haipo. Fungua boksi: ukikuta oili ndani na filta imelowa, tatizo ni kiasi, si sili. Punguza hadi kati ya alama mbili, safisha boksi, badilisha filta.

Dalili hiyohiyo hutokea pikipiki ikilala ubavu kwenye matope. Oili hupita bomba hilo hadi kwenye boksi, ikaendelea kudondoka hata siku inayofuata. Lakini tope likiziba bomba la kupumulia, mambo hugeuka: presha ndani ya injini haina pa kutokea, na inasukuma oili kupitia sili iliyo dhaifu kuliko zote. Ukibadilisha sili hiyo bila kuzibua bomba, itavuja tena, au itavuja jirani yake.

Pima pikipiki ikiwa wima kwenye ardhi tambarare, kwa utaratibu wa kitabu chake. Ikiegemea stendi ya pembeni kipimo hudanganya.

Dhana: Tundu chini ya pampu ya maji lizibwe

Lisizibwe kamwe. Liliwekwa makusudi katikati ya sili mbili: moja inazuia maji ya rejeta, nyingine inazuia oili. Yakitoka maji, sili ya maji imechoka. Ikitoka oili, ni ile nyingine. Ukiliziba kwa silikoni au skrubu, maji hayana pa kwenda ila kuingia kwenye oili, na utaikuta imekuwa ya maziwa kwenye kioo cha kupimia. Badilisha sili zote mbili pamoja, maana kazi ya kufungua ni ileile.

Dhana: Oili nyuma ya sproketi ya mbele ni sili ya shafti basi

Huenda ni hiyo. Huenda pia ni sili ya shafti ya gia, au ya fimbo ya klachi, zilizo karibu hapohapo. Na kwenye injini nyingi za Kijapani kuna bushi ya chuma nyuma ya sproketi yenye oringi (pete ya raba) ndani yake. Oringi ikikauka, oili hupita kati ya bushi na shafti, ndani ya sili badala ya nje yake, na sili mpya haibadilishi chochote. Badilisha vyote viwili.

Sili za oili huandikwa vipimo usoni, kwa mpangilio wa kipenyo cha ndani, kipenyo cha nje na unene, mfano 30×45×8. Kwa namba hizo unaweza kuitafuta kwenye maduka ya beringi ya Kampala au soko la vipuri la Kisekka mjini humo. Uliza raba ni ya aina gani: naitrili inatosha sehemu nyingi, vaitoni huvumilia joto kubwa zaidi. Rangi isikudanganye. Unapoing'oa ya zamani usikwaruze shafti. Mpya ipake oili mdomoni, upande wenye springi utazame ndani kwenye oili, na uigonge taratibu kwa soketi yenye upana wake. Angalia kwanza kama sili yako ina ukingo wa ndani. Kama unao, haitoki bila kugawa injini vipande viwili, na hiyo ni kazi nyingine kabisa.

Dhana: Oili nzito au dawa ya kuziba itapunguza uvujaji

Oili nzito hupita polepole kwenye sili mbovu, na polepole vilevile kwenye njia nyembamba za injini asubuhi inapowashwa. Dawa za kuvimbisha raba ni hatari zaidi, kwa kuwa klachi ya pikipiki nyingi hizi huogelea katika oili ileile ya injini na inaweza kuanza kuteleza. Tumia unene unaotajwa na kitabu, na kama klachi yako ni ya kuogelea tafuta kwenye chupa alama ya JASO MA au MA2, kiwango cha Kijapani cha oili za pikipiki.

Dhana: Taa ya oili haijawaka, safari iendelee

Kwenye pikipiki nyingi taa ile hupima presha, haipimi kiasi. Inapowaka mwendoni, huenda beringi tayari zinasagana. Zima injini papo hapo.

Pima mwenyewe. Tone moja kila dakika ni takriban mililita 3 kwa saa, na safari ya saa nane hupoteza mililita 24, kiasi ambacho sampu inakihimili. Hapo angalia kipimo kila unapotia petroli, na beba lita moja ya oili ileile. Matone yakifuatana bila kupumzika, usiondoke.

Kiasi kidogo pia huzuia safari kama kinafika kwenye tairi la nyuma au diski ya breki. Mvujo wa upande wa sproketi uko hatua chache tu kutoka kwenye tairi. Pitisha kitambaa cheupe ukutani mwa tairi na kwenye diski kila unaposimama. Kikitoka na oili, pakiza pikipiki kwenye pikapu hadi kwa fundi. Kona za mlimani kuelekea Kisoro haziendeshwi na tairi lililolowa.