Ruzuku si ya kununulia mashine tu

Mafundi seremala wengi wanaoomba ruzuku ya kufundisha vijana wasiojiweza huamini kwamba fedha hizo ni za mashine. Bajeti yote inaishia kwenye keekee ya umeme (ya kutobolea mbao) na msumeno wa meza. Wiki ya tatu mbao zimekwisha, vijana wamekaa wanatazama. Mkono hujifunza kwa malighafi, tena ya kuharibu.

Chukua darasa la vijana 12, kila mmoja akiunda stuli ya miguu 4. Hiyo ni miguu 48, lakini andika 60. Msumeno hula milimita 2 hadi 3 za mbao kila unapopita. Anayeanza hukata juu ya mstari badala ya pembeni mwake, mguu unatoka mfupi, stuli inayumba. Kosa hilo ndilo somo lenyewe, na linastahili fungu lake.

Ongeza msasa, gundi, miwani 12 ya kinga (si 4 za kupokezana) na malipo ya fundi, pamoja na saa zake za maandalizi. Halafu nauli: kijana asiye nayo haji, hata mashine iwe mpya namna gani. Baadhi ya wafadhili hawalipii kabisa vifaa vya kudumu, kwa hiyo soma masharti kabla hujaandika bei ya kwanza.