Si kila weupe wa jicho ni mtoto wa jicho

Jumatatu ameingia kijana mwingine kutoka Tukuyu, miaka 22, na barua ya rufaa: "Mtoto wa jicho, macho yote mawili, afanyiwe upasuaji." Nimemweka kwenye darubini. Lenzi safi. Weupe wote uko mbele, kwenye konea, ile ngozi angavu inayofunika mbele ya jicho. Huu ni ugonjwa wa kurithi wa konea, kwa Kiingereza "macular corneal dystrophy".

Nimechoka na jambo hili, kwa sababu linaweza kumharibia mtu jicho. Mtoto wa jicho ni ukungu wa lenzi, nyuma ya mboni. Ukimtoa kijana huyu lenzi, umeondoa kizima ukaacha kibovu.

Chanzo cha ugonjwa huu ni hitilafu kwenye jeni iitwayo CHST6, iliyo kwenye kromosomu ya 16. Kimeng'enya chake hupachika salfeti kwenye keratani, mnyororo mrefu wa sukari unaokaa katikati ya nyuzi za kolajeni, protini inayoijenga konea. Waliopita Rungwe wameona mistari ya chai ilivyonyooka. Nyuzi za konea nazo zimepangwa hivyo, nafasi kwa nafasi, ndipo mwanga ukapita. Keratani yenye salfeti hushika maji na kulinda mpangilio ule. Ikikosa salfeti haiyeyuki vizuri, inarundikana. Yanatokea madoa ya kijivu, na kati ya doa na doa konea nayo ina ukungu, hadi ukingoni. Huanza utotoni, macho yote, polepole. Jua linaumiza.

Mama yake akaniuliza, "Daktari, mbona mimi na baba yake tunaona vizuri?" Ndiyo, mama. Kila mmoja wenu ana nakala moja mbovu na moja nzima, na nzima moja inatosha. Yeye amepokea mbovu zote mbili. Kwa kila mimba uwezekano huo ni mmoja kati ya minne. Hakuna aliyemroga, na maji ya majani mliyomdondoshea hayafiki kwenye jeni. Yanaleta vidonda tu. Acheni leo.

Kipimo cha jeni sina, naandika ninachokiona. Hata penye kipimo, wapo wagonjwa wachache wasioonekana hitilafu kwenye sehemu ya jeni inayosomwa. Vitabu hugawa aina za ugonjwa kwa kupima keratani salfeti ya damu. Mgawanyo huo haunisaidii: kwenye darubini zote zinafanana.

Tiba ni kupandikiza konea ya marehemu. Mgonjwa huona vizuri, ingawa baada ya miaka ukungu unaweza kurudi kwenye konea mpya, na hilo namwambia mgonjwa kabla hajakubali.

Barua yake nimeiandika upya: konea, siyo lenzi.