Picha za Kikorea za kutundika nyumbani: dhana potofu na ukweli wake

Chui milia anayetabasamu chini ya msonobari, na juu yake ndege kkachi, yule mweusi na mweupe wa jamii ya kunguru, akimpigia kelele kutoka tawini. Picha hiyo inauzwa mtandaoni kwa bei ya fulana, na palepale chini yake kuna nyingine inayofanana nayo kwa bei ya kitanda. Tofauti karibu yote inatokana na jambo moja: namna picha ilivyoingia kwenye karatasi. Mnunuzi asiyeliuliza hulipia bango kama kazi ya mkono, au huiacha kazi nzuri akidhani ni bango.

Dhana: Minhwa ni chapa za kale, kwa hiyo "chapa halisi ya minhwa" ipo sokoni.

Minhwa ni picha za kienyeji zilizoshamiri mwishoni mwa enzi ya Joseon, ufalme wa Korea wa 1392–1897, na nyingi mno zilichorwa kwa brashi. Mchoraji alilaza karatasi juu ya kiolezo kiitwacho bon, akafuata mistari kwa wino, kisha akajaza rangi za unga zilizokorogwa kwa gundi ya wanyama. Ndiyo maana kuna chui wengi wanaofanana kama mapacha ilhali hakuna hata mmoja aliyechapwa. Zilikuwapo pia picha ambazo mistari yake ilipigwa kwa kibao cha mbao na rangi ikatiwa kwa mkono, lakini hizo ni chache.

Si kwamba Wakorea hawakujua kuchapa. Andiko la Kibudha lililokutwa mwaka 1966 ndani ya mnara wa hekalu la Bulguksa, Gyeongju, huhesabiwa miongoni mwa chapa za mbao kongwe kabisa zilizobaki duniani. Hekalu la Haeinsa bado linatunza vibao zaidi ya 80,000 vilivyochongwa karne ya 13. Ila ufundi huo ulitumikia vitabu na maandiko zaidi. Chapa kama sanaa ya ukutani, ambayo Wakorea huiita panhwa, ni zao la karne ya 20 kwa sehemu kubwa: michongo ya mbao ya Oh Yoon (1946–1986), kwa mfano, au chapa za msanii Lee Ufan. Ukitafuta kazi za namna hiyo, andika "panhwa", si "bango" wala "minhwa".

Sokoni basi kuna vitu vitatu: mchoro wa mkono, panhwa, na nakala ya kiwandani. Vyote ni halali, kila kimoja kwa bei yake. Kuvitofautisha unahitaji lenzi ya kukuza mara 10, ile ya masonara.

Nakala ya ofseti, yaani ya mashine kubwa za kuchapia vitabu na mabango, huonyesha nukta zilizopangwa kwa utaratibu, zikiunda viduara vidogo vya samawati, waridi, njano na nyeusi. Printa ya wino, ambayo wauzaji wengi huipa jina la Kifaransa giclée, hutawanya chembe ndogo sana bila mpangilio, na ukingo wa mstari mweusi ukiutazama kwa karibu una vumbi la rangi. Chapa ya mbao haina nukta: rangi imelala kama tandiko moja, na ukingo wa mstari mara nyingi umekolea kuliko katikati kwa sababu wino ulisukumwa pembeni wakati wa kukandamiza. Igeuze. Karatasi iliyosuguliwa kwa nyuma huacha alama za msuguo, na wino mara nyingi hupenya hadi upande wa pili. Chapa ya bamba la shaba ina ukingo wa bamba uliobonyea kuzunguka picha. Pitisha kidole kavu na utausikia. Chapa ya skrini, ambayo wino husukumwa kupitia kitambaa chenye matundu, ina rangi nene, sawasawa, yenye ukingo mkali, nayo huonekana ikiwekwa ubavuni mwa taa.

Kama muuzaji yuko mbali, mwombe picha tatu: kipande cha sentimita 2 kwa 2 cha jicho la mnyama kilichopigwa kwa karibu, saini ikiwa na mwanga wa ubavuni, na mgongo wa karatasi. Anayekataa ya tatu amekwisha kujibu.

Dhana: Ikiwa imeandikwa 12/100 na kutiwa saini, ni kazi ya thamani.

Namba inasema toleo lina nakala ngapi na hii ni ya ngapi. Haisemi zilichapwaje. Bango la ofseti nalo linaweza kuandikwa namba kwa penseli, likabaki bango lililotiwa saini. Namba ndogo pia si bora kuliko kubwa, kwani karatasi huchanganywa kabla ya kuandikwa. Nje ya toleo huwapo nakala za A.P., za msanii mwenyewe, na ni haki yako kuuliza ni ngapi: 100 na A.P. 10 ni 110 duniani. Kwa mchongaji aliyefariki, uliza kama chapa ilipigwa akiwa hai au baadaye kwa vibao vyake. Bei haziwezi kuwa sawa.

Dhana: Muhuri mwekundu na cheti vinatosha.

Muhuri wa kweli hupigwa kwa wino mzito wa unga mwekundu na mafuta, ukakaa juu ya karatasi na kung'aa kidogo ukiinamishwa. Muhuri uliochapwa pamoja na picha una nukta zilezile za picha. Lakini hata nakala iliyo bora inaweza kuwa na muhuri uliochapwa, ikiwa muhuri ni sehemu ya picha ya awali. Kwa hiyo muhuri ni swali la lenzi.

Cheti kina uzito wa aliyekitoa, basi. Mwaka 1991 mchoraji Chun Kyung-ja alikana hadharani kwamba picha ya mwanamke iliyokuwa katika makumbusho ya taifa ya sanaa ya kisasa, ambayo nakala zake zilikuwa zimeanza kusambazwa, ni kazi yake. Makumbusho yakashikilia kuwa ni yake. Mwaka 2016, yeye akiwa amekwisha kufariki, waendesha mashtaka walitamka kuwa ni halisi, na familia ikapinga. Ikiwa taasisi kubwa na mchoraji mwenyewe walishindwa kuafikiana, kadi yenye stika ya kung'aa kutoka kwa muuzaji asiyejulikana haimalizi neno. Kinachosaidia ni risiti iliyoandika jina la msanii, jina la kazi, mwaka, njia ya kuchapa, ukubwa wa karatasi, namba na jumla ya toleo, na aliyechapa.

Dhana: Imechapwa kwenye hanji, kwa hiyo ni ya kale au ya mkono.

Hanji, karatasi ya gamba la ndani la mforosadi wa karatasi, inatengenezwa hadi leo, Jeonju ikiwa na sifa kubwa zaidi. Ipo ya mkono, ipo ya mashine, na ipo iliyochanganywa na majimaji ya mbao. Iinue kwenye mwanga: ya mkono ina nyuzi ndefu zinazopishana na kivuli cha mistari ya chekecheo la mianzi. Ichane pembeni, ikiwa ni sampuli, na itaacha manyoya marefu badala ya kukatika kwa usafi. Ubora wake ni wa kweli, kwa kuwa nyuzi ni ndefu na huchemshwa kwa maji ya majivu yasiyoacha asidi. Udhaifu wake ni kwamba hutanuka na kunywea kila unyevu unapobadilika.

Dhana: Picha kubwa ndiyo nzuri.

Albamu ya Kim Hong-do, mchoraji wa enzi ya Joseon, ya maisha ya watu, yenye kurasa 25 na iliyomo katika Makumbusho ya Taifa ya Korea, ina picha ya mieleka ambayo kila mtu anaitaka sebuleni. Ukurasa wake una takriban sentimita 27 kwa 23. Ikikuzwa hadi mita moja, mistari myembamba iliyo uhai wake wote huwa minene kama kamba, na madoa ya karatasi hushinda wapiganaji. Ichapwe kwa ukubwa wake, ikizungukwa na ukingo wa kadibodi wa sentimita 8 kila upande, nayo itatulia. Mandharinyuma yake ya kahawia ni rangi ya karatasi iliyozeeka. Anayeiuza ikiwa nyeupe pepe ameichezea. Na mtazamaji wa chini kulia ambaye mikono yake imebadilishana kushoto na kulia si kosa la printa. Ndivyo ilivyochorwa.

Makumbusho hayo huweka kazi zake nyingi mtandaoni kwa leseni inayoruhusu kuchapa, hata kibiashara, ukitaja chanzo. Kwa ubora wa nukta 300 kwa inchi, A3 inahitaji pikseli 3508 kwa 4961, na sentimita 50 kwa 70 inahitaji 5906 kwa 8268. Faili dogo likivutwa na programu hadi hapo halipati maelezo mapya, linapata ukungu. Mwambie mchapaji atumie wino wa chembe za rangi na karatasi ya pamba ya gramu 200 hadi 310 kwa mita ya mraba.

Si kila picha ya Kikorea iko huru, hata hivyo. Sheria ya huko inalinda kazi kwa miaka 70 baada ya kifo cha msanii. Za Park Soo-keun, aliyefariki 1965, ziko chini ya ulinzi hadi mwisho wa 2035, na za Kim Whanki hadi mwisho wa 2044.

Dhana: Seti ya vipande vinane ipangwe upendavyo.

Munjado, picha za herufi za maadili, husomwa kutoka kulia kwenda kushoto, kama Kiarabu: hyo, je, chung, sin, ye, ui, yeom, chi. Ya kwanza ni heshima kwa wazazi, na mara nyingi utaitambua kwa samaki aliyeingia kwenye herufi. Yeye hukaa kulia kabisa.

Dhana: Fundi wa fremu anajua, mwachie.

Hapa ndipo picha nyingi nzuri hufia, hasa pwani. Mafundi wengi hubandika picha juu ya MDF, ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa, kwa gundi ya kupuliza, au huipitisha kwenye plastiki ya laminesheni. Yote mawili hayarudishiki. Hanji iliyobandikwa kote hushindwa kutanuka, ikafanya mawimbi na hatimaye kuchanika, nayo asidi ya ubao huigeuza kahawia kuanzia nyuma.

Picha ikifika kwenye mrija, uache umefungwa chumbani kwa siku moja ili izoee hewa. Ikunjue kwenye meza safi, iweke chini ya karatasi nyeupe na vitabu kwa siku mbili au tatu, wala usiikunje upande wa pili ili inyooke. Chapisha hili kichwani mwa fundi: picha ishikwe juu tu, kwa vipande viwili vya hanji nyembamba vya sentimita 2, kwa gundi ya wanga wa ngano. Gundi hiyo ni sehemu moja ya wanga kwa sehemu nne au tano za maji, ikorogwe motoni kwa dakika kama 25 hadi ing'ae, ipoe, ichujwe. Iwe kidogo, kwa kuwa wadudu wanapenda wanga. Selotepu haifai, huacha doa la njano lisilotoka.

Kati ya picha na kioo pawe na nafasi ya milimita 3, kwa kadibodi isiyo na asidi au vijiti vya kando. Karatasi ikigusa kioo, jasho la usiku huigandisha hapo na rangi hubaki kwenye kioo unapoibandua. Nyuma ya fremu, pembe za chini, gundisha vipande vya mpira vya milimita 4 ili hewa ipite. Unyevu ukizidi asilimia 65 kwa muda mrefu, kuvu huanza mgongoni, usikokuona. Ukuta wa nje unaopigwa na mvua na ukuta unaopigwa na jua la mchana usivitumie kabisa.

Dhana: Kazi yoyote ikishalipiwa inaweza kusafirishwa.

Kuanzia mwaka 2024 Korea imeruhusu kazi zilizotengenezwa tangu 1946 zitoke bila kizuizi cha urithi. Za kabla ya hapo zinaweza kuhitaji kukaguliwa, na uwanja wa ndege wa Incheon una ofisi ya ukaguzi huo. Kwa minhwa ya kale, mtake muuzaji akamilishe hatua hii kabla hajafunga mzigo. Upande wa forodha ya kwenu, panhwa iliyotoka moja kwa moja kwenye bamba lililofanywa na mkono wa msanii huingia kifungu 9702 cha orodha ya kimataifa ya bidhaa za forodha (HS), na nakala ya mashine kifungu 4911. Njia ya kuchapa iandikwe kwenye ankara kwa maneno kamili, kwa sababu mzigo ulioandikwa "picha" peke yake huachwa kwa afisa auweke anapoona panafaa.