Kisima cha Bakken kinachoka mapema, ndo maana sheria haziwezi kusubiri

Kila nikiongea na watu kuhusu mafuta naulizwa swali lilelile, eti nchi ikishagundua mafuta si imeshatoka? Huwa nawapa mfano wa North Dakota, jimbo la Marekani lililopakana na Kanada, kule kwenye baridi kali na mashamba ya ngano, maana wenzetu wale wameyaona karibu yote ndani ya miaka kama 15 hivi, raha na karaha.

Mafuta kule yaligunduliwa Aprili 1951 karibu na kamji kanaitwa Tioga, kwenye shamba la mkulima. Mwamba ninaouzungumzia hapa unaitwa Bakken, jina la familia ya wakulima wa hukohuko. Zaidi ya miaka 50 watu walijua mafuta yamo ila kuyatoa kwa faida ikawa kazi. Mafuta ya kawaida yanakaa kwenye mwamba wenye vitundu kama sponji, ukitoboa yanakuja. Mwamba tope kama wa Bakken sio hivyo, ni tope la bahari ya zamani lililokandamizwa mpaka likawa jiwe, mafuta yamo ndani lakini hayana njia ya kutembea. Kwa hiyo unachimba kwenda chini kama kilomita 3, halafu unapinda unaenda kwa mlalo kilomita zingine 3 kwenye tabaka la katikati, lile lililobanwa na mwamba tope juu na chini, kisha unasukuma maji na mchanga na kemikali kidogo kwa presha kubwa mpaka jiwe linapasuka nyufa nyembamba, maji yakirudi mchanga unabaki umeshikilia nyufa zisijifunge. Hiyo ndo frakingi.

Mambo yakabadilika kweli. Wataalamu wa jiolojia wa serikali ya Marekani mwaka 1995 walikadiria mapipa milioni 151 tu yanayoweza kutolewa Bakken, mwaka 2008 wakaja na bilioni 3.65. Mwamba haukubadilika, teknolojia ndo ilibadilika. Uzalishaji wa jimbo ukatoka mapipa kama laki moja kwa siku mwaka 2006 ukafika milioni moja Aprili 2014.

Sasa hapa ndo naomba mnisikilize vizuri. Kisima cha aina hii kinatoa sana mwanzoni halafu kinaporomoka, ndani ya mwaka wa kwanza tu kinakuwa kimeshashuka kwa zaidi ya nusu. So kampuni ikitaka uzalishaji ubaki palepale lazima ichimbe visima vipya kila wakati, na kila kimoja ni mamilioni ya dola, mara nyingi za mkopo. Bei ikianguka wanaacha kuchimba, na wakiacha kuchimba mji mzima unasikia. Mei 2012 North Dakota ilikuwa na mitambo ya kuchimba zaidi ya 200 inafanya kazi, mwanzoni mwa 2016 pipa likawa chini ya dola 30 na mitambo ikaanza kuhesabika kirahisi, na mwaka 2020 wakati wa korona ikabaki kama 10 tu. Mji wa Williston ulikuwa na watu chini ya 15,000 mwaka 2010, miaka kumi baadaye wako karibu 30,000. Katikati hapo kuna kipindi wafanyakazi walilala kwenye magari na kwenye kambi za makontena, na kodi ya chumba kimoja ilivuka dola 2,000 kwa mwezi. Mwalimu au nesi aliyekuwa anaishi pale tangu zamani na mshahara wake uleule, huyo faida ya mafuta aliionea wapi?

Kwenye kuweka akiba walijipanga mapema na mimi nawapongeza kwa hilo. Novemba 2010, kabla pesa haijafurika, wananchi walipiga kura kuingiza kwenye katiba ya jimbo kwamba asilimia 30 ya kodi ya mafuta na gesi iende kwenye mfuko maalum, na mtaji wake usiguswe mpaka 2017, na hata baada ya hapo kuugusa lazima theluthi mbili ya wabunge wakubali. Leo mfuko una zaidi ya dola bilioni 10.

Kwenye gesi walichelewa. Mafuta ya Bakken yanatoka pamoja na gesi, na kwa vile mabomba ya kuibeba hayakuwepo, kampuni zikawa zinaichoma palepale kisimani, kuna wakati karibu theluthi moja ya gesi yote iliishia kwenye moto, usiku unaonekana mpaka kwenye picha za satelaiti. Ni mwaka 2014 ndo tume ya jimbo, inayoongozwa na gavana, mwanasheria mkuu na kamishna wa kilimo, ikaweka viwango vya kukamata gesi na kampuni isiyofikia inapunguziwa uzalishaji. Leo inayokamatwa ni zaidi ya asilimia 90. Iliwezekana kumbe, ila ile iliyoungua hairudi.

Usafiri pia. Mabomba hayakutosha, mafuta yakapanda treni, na tarehe 6 Julai 2013 treni iliyobeba mafuta ya Bakken ililipuka katikati ya mji wa Lac-Mégantic kule Quebec, Kanada, watu 47 wakafa. Sheria ya kutuliza mafuta kwanza kwa kutoa gesi nyepesi kabla ya kusafirisha ilianza kutumika Aprili 2015.

Tofauti moja na kwetu muijue: Tanzania na Kenya mafuta yaliyo chini ni mali ya umma, kule yanaweza kuwa ya mtu binafsi, na mara nyingi mwenye shamba juu sio mwenye mafuta chini. Unakuta jirani anakula mrabaha, yaani mgao wa mauzo ya mafuta, mkulima anabaki na barabara ya malori na maji ya chumvi yanayotoka kisimani pamoja na mafuta yakamwagika shambani, maji ambayo yanaua udongo kwa miaka mingi.

Halafu kuna kufunga visima. Kwa miaka mingi kampuni iliweza kuweka dhamana ya dola 100,000 kwa visima vyake vyote kwa pamoja, wakati kisima kimoja tu kukifunga na kurudisha ardhi kunaweza kuimaliza yote. Mwaka 2020 bei ilipoanguka, jimbo likatenga dola milioni 66 za msaada wa korona kufunga visima vilivyotelekezwa, pesa ya umma hiyo. Visima vinavyotoa mafuta North Dakota sasa ni zaidi ya 15,000, na kila kimoja kuna siku kitahitaji kujazwa saruji.